Joginder Singh: fundi wa gereji aliyefufua gari la mtumba na kushinda Safari Rally

Ukisimama Chapwa, pembeni ya barabara kuu inayoingia Tunduma kutoka Mbeya, unasikia injini kabla hujaona gari. Malori yenye mizigo ya Zambia na Kongo yanasubiri zamu ya kuvuka mpaka, bodaboda zinapenya katikati yake, na kwenye gereji za kando ya barabara utakuta injini imeshushwa chini, imefunguliwa, pistoni zimepangwa juu ya gunia na vijana wawili watatu wameiinamia.

Siku za karibuni msikilizaji wetu mmoja, mkulima wa mahindi, alitutumia ujumbe wa masikitiko. Pikapu yake ilikuwa imechoka, ikila oili na kutoa moshi. Aliuza magunia yake, akaipeleka kwa fundi, injini ikafunguliwa na kufungwa upya. Siku ya tano tangu aichukue, ikiwa na mzigo mlimani, ikanoki. Swali lake kwetu lilikuwa moja: je, injini iliyokwisha kuchoka na kufunguliwa inaweza kuaminika tena, au ni kutupa pesa?

Tulilijadili studioni, na jina moja likatujia haraka. Ni la mtu ambaye wazee wetu waliokuwa na redio za betri miaka ya sitini na sabini walilisikia kila Pasaka. Mtu huyo alichukua gari ambalo wenye kiwanda walikwisha kulitumia, akalifufua kwa mikono yake na ya ndugu yake, kisha akalishindanisha na magari mapya ya viwanda vikubwa vya dunia. Alikuwa Joginder Singh Bhachu, aliyeitwa Simba wa Kenya. Amekwisha kututoka zaidi ya miaka 10 sasa, na vijana wengi wa leo hawamjui. Leo tunawasimulia maisha yake, na mwishoni tutarudi kwenye swali la msikilizaji wetu.

Mtoto wa fundi, Kericho

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, nchi ya mashamba ya chai magharibi mwa Kenya. Baba yake, Battan Singh, alitoka Punjab, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya India ya Mwingereza, akaja Afrika Mashariki kutafuta maisha. Walikuwa wa jamii ya Masikh, wale wanaume wa vilemba na ndevu ambao wazee wetu wamezoea kuwaita Singasinga au Kalasinga. Wengi wao walikuja kwa kazi za mikono: useremala, uashi, uhunzi na ufundi wa reli. Magari yalipoanza kuwa mengi, haikuwa ajabu kuwakuta wamehamia kwenye gereji.

Joginder alikuwa mtoto wa kwanza katika familia kubwa. Alipomaliza shule hakutafuta kiti cha ofisini. Alianza chini kabisa, kama kijana wa spana, yule anayetumwa kuleta namba 14, kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kushika taa fundi mkubwa akiwa chini ya gari. Alipita katika makampuni kadhaa kwa namna hiyo, kisha akafanya kazi katika gereji ya baba yake.

Mwaka 1958 alipata kazi iliyomfaa sana kwa yale yaliyokuja baadaye. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki wakati huo kilimwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na vifaa na kuwasaidia madereva walioharibikiwa. Fikiria shule hiyo. Unakuta gari limezima porini, hakuna duka la spea, hakuna mashine, jua linazama, na mwenye gari anakuangalia wewe. Inakubidi usikilize, unuse, uguse, ukisie tatizo na kulitatua kwa ulichonacho mkononi. Fundi wa gereji anaweza kusema njoo kesho. Mtu wa doria hawezi.

Mwaka huohuo, akiwa na miaka 26, akaingia kwenye mashindano ya magari.

Mbio za Pasaka zilikuwa nini?

Kwa wasikilizaji vijana, tueleze kidogo. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa, wapenzi wa magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha safari ndefu ya magari kuadhimisha tukio hilo. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na baadaye Safari Rally. Kwa miaka mingi yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika. Hiyo ilikuwa na maana yake: siku moja vumbi, siku ya pili tope la kufika kwenye ekseli.

Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Gari lilisafiri maelfu ya kilometa kwa siku chache, usiku na mchana, katika barabara za kawaida ambazo ng'ombe, baiskeli na mabasi vilikuwa vikizitumia pia. Dereva alipangiwa muda wa kufika kila kituo, na kila dakika aliyochelewa ilikuwa adhabu. Njia ilishuka hadi joto la pwani na kupanda hadi baridi ya nyanda za juu.

Kupanda na kushuka huko ni mtihani kwa injini. Huku kwetu Songwe na Mbeya mnajua: ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Kabureta iliyosetiwa kwa ajili ya pwani ikifika juu huleta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo; plagi zinashika masizi na nguvu inapungua. Ukiseti kwa ajili ya mlimani tu, ukishuka pwani mchanganyiko unakuwa mkavu na injini inachemka. Ongeza vumbi linaloziba chujio la hewa na mito inayotaka kuingiza maji ndani ya silinda. Ndiyo maana kuna miaka, kama 1963 na 1968, ambapo magari yalianza zaidi ya 80 na yakamaliza 7 tu.

Joginder alishiriki Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Tangu hapo hakukosa hata mwaka mmoja hadi alipostaafu mwaka 1980.

Gari ambalo wenyewe walikwisha kulitumia

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo cha Uswidi kilileta timu yake Afrika Mashariki. Mmoja wa madereva alikuwa Tom Trana, ambaye mwaka huo wa 1964 aliuchukua ubingwa wa Ulaya wa mbio hizo. Alipewa Volvo PV544, gari la milango 2 lenye mgongo wa mviringo. Lakini Safari ya 1964 haikuwa ya Volvo. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina. Wazungu wa kiwanda wakarudi kwao, na gari lililotumiwa na Trana likabaki huku.

Hilo ndilo gari Joginder alilolichukua kwa ajili ya Safari ya 1965, akishirikiana na mdogo wake, Jaswant. Lilikuwa gari la mtumba hasa, tena mtumba uliokwisha kupigwa na Safari moja. Na aina yenyewe ilikuwa inaelekea mwisho: mwaka huohuo wa 1965 Volvo walisimamisha kuitengeneza. Kwa lugha ya kijiweni, mtu angemwambia umeuziwa jini.

Lakini Joginder alilitazama kwa macho ya fundi. Injini yake iliitwa B18: silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa karibu lita 1.8, bloku ya chuma kizito, na krenki iliyoshikwa na beringi kubwa 5. Hilo la beringi ni muhimu. Injini nyingi za silinda 4 za zama hizo zilikuwa na beringi kuu 3 tu, kwa hiyo krenki ilikuwa na nafasi ya kupinda kidogo ikikimbizwa kwa muda mrefu. Yenye beringi 5 imeshikwa kila upande wa kila pistoni. Valvu zake zilisukumwa kwa vijiti na tapeti ambazo fundi anaweza kuziseti kwa spana, bisibisi na geji ya kupimia mwanya. Hakuna kompyuta, hakuna siri. Ni injini ambayo ukiifungua inakueleza yenyewe inaumwa wapi.

Kufufua injini ni kazi gani?

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo lilipo jibu la mkulima wetu. Injini ya aina hiyo ikishushwa, kazi ya kwanza ni kupima, kabla ya kununua kitu chochote.

Fundi anapima silinda juu, katikati na chini. Silinda iliyolika haiwi duara tena. Inakuwa kama yai. Ukiweka ringi mpya katika silinda ya yai, moshi utarudi baada ya wiki. Dawa ni kuichonga iwe duara na kuweka pistoni za saizi kubwa zaidi. Krenki nayo inapimwa kwa namna hiyo. Ikiwa na mikwaruzo, inasagwa na kuwekewa beringi za saizi inayolingana. Ukifunga beringi mpya kwenye krenki mbovu, oili inapita pembeni, presha inashuka, na chuma kinaanza kugonga chuma. Huko ndiko kunoki.

Kisha kuna silinda hedi. Gari likichemka, hedi hupinda kiasi ambacho jicho halioni. Fundi mzuri analaza rula iliyonyooka juu yake na kupima mwanya. Valvu zinasagwa zikae sawasawa kwenye viti vyake. Njia za oili zinazibuliwa na kusafishwa, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyobaki ndani inatosha kumaliza beringi mpya. Bolti za hedi zinakazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za mkono wa nani ana hasira.

Injini ikishafungwa, kazi bado. Inabaki kupimwa, na hapo ndipo wengi wetu hukosa subira. Injini inawashwa, macho yakiwa kwenye presha ya oili na joto la maji. Inasikilizwa. Inazimwa, inakaguliwa kama inavuja, tapeti zinarudiwa. Kisha gari linaendeshwa bila mzigo mkubwa, mwendo ukibadilishwabadilishwa, ili ringi na kuta za silinda zizoeane. Baada ya kilometa mia kadhaa, oili ya kwanza inamwagwa, maana imebeba unga wa chuma. Baada ya hapo ndipo injini inapandishiwa mzigo kidogokidogo.

Mtu anayekwenda Safari ana sababu nyingine ya kupima. Anahitaji kujua gari lake litavunjika wapi kabla halijavunjika. Kwa hiyo analipeleka kwenye barabara mbaya kwa makusudi, analirudisha, analifungua tena, anaangalia bolti iliyolegea, bomba lililosuguliwa, springi iliyochoka. Kinachovunjika kwenye majaribio ni somo. Kinachovunjika kwenye mashindano ni kuaga.

Pasaka ya 1965

Joginder na Jaswant walipangiwa namba 1, yaani kuondoka wa kwanza. Nafasi hiyo ina faida na hasara. Aliye mbele hali vumbi la mtu, na tope analikuta halijakorogwa na wengine. Lakini yeye ndiye anayegundua kwamba daraja limechukuliwa na maji, na yeye ndiye anayekutana na mnyama barabarani. Hakuna taa za mbele za kumwonyesha njia inaelekea wapi.

Ndugu hao wawili walizitumia faida vizuri. Joginder aliendesha kwa namna iliyomtofautisha na wengi: alikwenda kasi, lakini hakulipiga gari. Alijua kila mlio chini ya boneti unamaanisha nini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameifungua na kuifunga injini hiyo. Wengine waliokuwa na magari mapya na mafundi wa kiwanda walikwama, walipindua au walivunja. Ile Volvo ya mtumba iliendelea.

Walirudi Nairobi wakiwa washindi, na waliwaacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kwa mashindano ya dakika, hilo lilikuwa pengo kubwa mno.

Ushindi huo ulikuwa na uzito zaidi ya magari. Tangu 1953 madereva wote walioshinda walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu tangu ipate uhuru, na Muungano wetu wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa unakaribia kutimiza mwaka mmoja. Sasa bingwa alikuwa mtoto wa fundi wa Kipunjabi aliyezaliwa Kericho, mwenye kilemba kichwani, katika gari ambalo hakupewa na kiwanda. Watu waliokuwa wakizitazama mbio hizi kama mchezo wa wenye mashamba makubwa waliona kwamba mtu wa spana naye anaweza kusimama juu ya jukwaa. Waingereza wakamwita Singasinga anayeruka. Watu wa huku wakamwita Simba.

Hakuishia hapo

Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, kombe lilikuja Tanzania kwa Bert Shankland wa Dar es Salaam na Peugeot 404 yake. Joginder aliendelea kushiriki, akibadilisha magari, akimaliza vizuri bila kushinda. Miaka 9 ilipita. Wengi wangesema ile ya 1965 ilikuwa bahati.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 42, alikaa nyuma ya usukani wa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, msomaji ramani wake akiwa David Doig. Lancer ilikuwa gari jipya ambalo dunia ilikuwa bado hailijui. Mbele yao walikuwapo mabingwa wa Ulaya wenye Porsche na Lancia. Joginder alishinda. Björn Waldegård wa Uswidi alikuwa wa pili na Porsche, na Sandro Munari wa Italia akawa wa tatu na Lancia. Mwaka 1976 akarudia na Doig yuleyule, na safari hiyo Lancer zilichukua nafasi zote 3 za mwanzo: Joginder, Robin Ulyate na Andrew Cowan.

Lakini takwimu inayotugusa zaidi sisi si ile ya ushindi mara 3. Shekhar Mehta alikuja kumpita kwa kushinda mara 5. Takwimu yenyewe ni hii: katika Safari 22 alizoanza, Joginder alimaliza 19. Kumbuka tumesema kuna miaka ambapo walimaliza 7 tu. Kufika mwisho mara 19 si bahati. Ni matokeo ya mtu anayekagua kabla ya kuondoka na anayesikiliza akiwa njiani.

Alistaafu mwaka 1980. Miaka ya mwisho alikuwa Uingereza, na alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Magari ya zama zake hayakufa naye. Tangu 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic Rally, ambayo hupita Kenya na mara nyingine Tanzania. Humo, injini za miaka ya sitini na sabini hufunguliwa, hupimwa, hufungwa na kurudishwa kwenye vumbi. Zinapona na zinafika.

Turudi Chapwa

Kwa hiyo, ndugu yetu mkulima, jibu ni ndiyo. Injini iliyochoka inaweza kuaminika tena. Lakini haiaminiki kwa sababu imefunguliwa. Inaaminika kwa sababu imepimwa kabla ya kufungwa, na imejaribiwa kabla ya kubebeshwa mzigo.

Safari ijayo ukienda gereji, muulize fundi wako maswali haya kwa heshima, maana fundi mzuri hachukii kuulizwa. Silinda umezipima na kipimo kimesemaje? Krenki imesagwa, na beringi ni saizi gani? Hedi imeangaliwa kama imepinda? Spea za zamani ziko wapi nizione? Nianze lini kupakia mzigo, na oili ya kwanza niimwage baada ya kilometa ngapi? Kama hana jibu la swali la kwanza, usimlipe kwa ajili ya la mwisho.

Nanyi vijana wa spana mnaotusikiliza mkiwa chini ya malori hapo Chapwa na Tunduma mjini, mikono ikiwa na grisi: Joginder alianzia hapohapo mlipo, kuosha vipuri na kushika taa. Jambo alilowazidi wengi lilikuwa kutokubali kufunga injini ambayo hajairidhia. Hilo halihitaji kiwanda cha Uswidi. Linahitaji kipimo, taa nzuri, na saa mbili za ziada ambazo mteja anakuharakisha usizitumie. Zitumieni.